Hapa Tunapokea Kadi

Siku mashine ya kadi ilipofika, Madinah aliiweka kauntani mahali redio ilipokuwa, akaifunika kwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Redio ikahamishiwa jikoni kwangu. Mimi ni Christine, mpishi wake, mtoto wa Webuye, Kenya, niliyeletwa Uganda na ndoa. Nimempikia tangu gesti yake haina hata lango, kwa hiyo haki ya kumcheka ninayo, na nilimcheka.

"Mama Nusifa, umeifunika isipate baridi?"

"Wacha kelele, Kirisitini," akasema. "Hii natuletea dunia."

Gesti yenyewe iko Bugembe, kando ya barabara kuu inayotoka Jinja kwenda Iganga na kuendelea hadi Kenya. Madinah alizaliwa Mpumudde, hapo karibu tu, na Kiswahili alijifunza kwa kusikiliza madereva na wafanyabiashara wa kwetu wakibishana juu ya chai. Anaijua Kenya kuliko mimi. Ukimtajia Gilgil atakuambia baridi yake, ukimtajia Eldoret atakuuliza kama viazi bado viko bei ile. Lakini Malaba, pale mpakani, hajawahi kuivuka hata siku moja. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini hapai angani: "Mimi nikienda, nani atapokea wageni?"

Sasa nieleze kilichotutia wazimu. Huko Bungoma kuna mwalimu aitwaye Roselyn Nasimiyu, ambaye kila likizo huwakusanya walimu wenzake, wakajaza basi, wakaja kutembea: kwanza Mbale, waone mlima na maporomoko, halafu Jinja waone Mto Nile. Alipiga simu akasema amechoka kuvuka mpaka na pesa za basi zima kifuani, analala nazo, anaoga akizichungulia. Amepata kadi ya benki, ile ya mkopo, unalipa leo na benki inakudai mwisho wa mwezi. Akipata gesti ya bei nafuu inayopokea kadi, ataleta walimu wake wote huko, likizo baada ya likizo. Kwanza angekuja peke yake kujaribu. Ikipita, wageni ni wetu. Ikikataa, watakwenda hoteli kubwa ya mjini.

Madinah kusikia hivyo akachangamka mpaka akasahau kunidai vitunguu nilivyounguza. Nyuma ya gesti kuna vyumba vipya alivyoanza kuvijenga, kuta zimefika usawa wa madirisha zikasimama. Kila asubuhi hupita pale akaziangalia. Nilijua moyo wake uko kwenye zile kuta, na ndiyo maana, pamoja na kumcheka kwangu kote, niliomba Mungu ile mashine isimwaibishe.

Afisa wa benki, jina lake Wanyera, alituonyesha jinsi ya kuitumia, akaondoka. Madinah akamwita Kirunda, fundi wa kuandika mabango, atuandikie ubao wa kusomwa na wageni wa Kenya. Kirunda akaja na rangi nyekundu, akaandika kwa herufi kubwa: KALIBU. HAPA TUNAPOKEA KADI.

"Kirunda, ni karibu," nikamwambia. "Na R."

"Mama, mimi naandika vile nasikia," akanijibu, akasafisha brashi.

L ile ilikuwa jambo dogo. Balaa lilikuwa neno la mwisho. Asubuhi iliyofuata mzee mmoja alivua kofia mlangoni, akasema ameona ubao, akampa Madinah kadi ya harusi ya mwanawe, yenye utepe wa dhahabu. Kabla ya chai ya saa nne akaja mama na kadi ya kutambulisha mchumba. Mchana zikaja nyingine. Hapa kwetu kadi ni ile unayopewa ili uchange, na watu wengi hukwepa kadi, hupita uchochoroni wakimwona mwenye kuzigawa. Kumbe kuna mama Bugembe ameandika ukutani kwamba anazipokea! Habari zilienda mbio. Ililetwa mpaka kadi ya mtoto anayemaliza shule ya chekechea.

Madinah hakuweza kumfukuza mtu. "Si tumeandika sisi wenyewe?" alisema. Aliyeleta kadi alipewa soda, akaahidiwa chochote baadaye, na kadi ikatupwa kwenye kikapu kando ya mashine. Kikapu kikafura. Mashine ikabaki chini ya kitambaa chake, haijaguswa na kadi hata moja ya aina yake. Nilicheka mpaka nikamwaga mchele.

Roselyn alifika Alhamisi mchana akitokea Mbale, mwanamke mnene mchangamfu mwenye sauti ya uwanja wa gwaride. Alikuwa amelala Mbale, na asubuhi amelipia chumba huko kwa kadi, ikapita bila taabu. Tulifurahi kama tuliopita mtihani. Alisimama mbele ya ubao, akausoma, akaona kikapu, akauliza. Nilipomweleza, alishika kiuno akacheka machozi yakamtoka.

"Basi pokeeni na hii!" Akatoa bahasha kwenye mkoba, kadi ya harusi ya bintiye, akaitupia kikapuni. Tukacheka naye.

Akala samaki wangu, akasifu, akaomba tena. Kisha akasimama, akafuta mikono, akatoa ile kadi yake ya buluu. Kirunda alikuwepo, wenye maduka jirani walikuwepo, wote wamesahau wateja wao. Madinah akafunua kitambaa, akasema bismillahi, akachomeka kadi.

Mashine ikafikiri. Ikalia mlio mmoja mfupi. Imekataliwa.

Akajaribu tena. Imekataliwa.

Madinah aliifuta mashine kwa upindo wa kanga, kana kwamba ni vumbi. "Labda mimi naweka vibaya," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Niliumia. Nilitaka kumpiga mtu, ila sikujua nimpige nani.

"Si wewe, mama," Roselyn akasema. "Ni benki yangu. Wameona kadi imetumika Mbale asubuhi, sasa inatumika Jinja, wanadhani mwizi anatembea nayo Uganda. Nilisahau kuwaambia kwamba nasafiri. Watakuwa wamenitumia ujumbe kuuliza kama ni mimi."

"Si ujibu?" nikamwambia.

"Wameutuma kwa laini ya Kenya, dada. Niliitoa Malaba."

Hapo nikaelewa, maana hata mimi hufanya hivyo. Sisi watu wa mpakani tukifika Malaba mkono unakwenda wenyewe: unatoa laini ya Kenya, unaweka ya Uganda, kabla hata hujagongewa pasi muhuri. Simu ya Roselyn ilikuwa ya laini moja. Alimwaga mkoba wote juu ya kaunta: vitana, dawa ya kichwa, njugu za Mbale, Biblia ndogo. Laini hakuna. Tukakung'uta Biblia. Tukapekua mifuko ya koti. Akaanza kutokwa jasho, akasema polepole kwamba pesa taslimu anazo za kulipia mlo, tusiwe na wasiwasi, lakini basi la walimu hawezi kulileta kwa kubahatisha. Madinah aliitikia kwa kichwa tu. Macho yake yalikwenda dirishani, kule nyuma kwenye zile kuta.

Kisha Roselyn akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Niliitia kwenye bahasha! Malaba nilikuwa na bahasha mkononi, nikasema humu haitapotea!"

"Bahasha gani?"

"Ya kadi!"

Sote tuligeuka tukakitazama kikapu.

Sijawahi kuona watu wazima wakirukia kikapu namna ile. Tulikipindua sakafuni. Bahasha zote nyeupe, zote zina maua, zote zina harusi ya mtu fulani. Kirunda alifungua, nikafungua, mwenye duka la vipuri alipiga magoti akafungua huku akituambia nani anamwoa nani. Kutoka bahasha moja hata ikadondoka hela ya mtu, ikarudishwa haraka. Madinah ndiye aliyeipata. Ilianguka mapajani mwake, kidogo kuliko ukucha, na alipiga kelele iliyosikika barabarani.

Laini ikaingia kwenye simu. Tukangoja ishara. Ujumbe ukaja ukifuatwa na mwingine: je, ni wewe? Roselyn akajibu kwamba ni yeye, nani mwingine. Kadi ikachomekwa tena.

"Inauliza kitu," Madinah akasema. "Shilingi ya Kenya ama ya Uganda?"

"Ya hapa. Nikiwa ugenini huwa nachagua ya wenyeji. Ukichagua ya kwetu, wanabadilisha kwa bei yao, na bei yao haina huruma."

Halafu ikataka namba ya siri. Madinah alitutazama kwa ukali. "Nyinyi wote, geuka!" Tukageuka, vijana kwa wazee, tumeutazama ukuta kama watoto walioadhibiwa, na nyuma yetu vidole vikabonyeza.

Karatasi ikaanza kutoka. Krrr, krrr. Nilipiga kigelegele kabla sijaambiwa imepita. Kirunda alinikumbatia na rangi yake yote. Madinah hakupiga kelele safari hii. Aliichana ile risiti, akaishika kwa mikono miwili, akacheka bila sauti, mabega yakimcheza.

Roselyn aliahidi basi la likizo ya Agosti papo hapo. Tulipokuwa tunarudisha kadi kikapuni, Madinah aliokota ya Roselyn ili amrudishie. "Hii hapa, mwalimu. Ile ya mzaha."

"Mzaha gani? Ubao unasema mnapokea. Umeshapokea. Desemba, Bungoma, nakungoja."

Soda isingetosha kujibu kadi hiyo. Madinah alisoma jina la bibi harusi, jina la kanisa, jina la mji anaoujua kwa midomo ya wageni tu. Kwa mazoea akaanza, "Sasa mimi nikienda, nani atapokea..."

"Mimi," nikasema. "Nani mwingine?"

Akachukua simu, akampigia Wanyera wa benki. Nilidhani anataka kumringia kwamba mashine imefanya kazi, na alimringia kweli, tena kwa kirefu. Mwisho akashusha sauti, akanipa mgongo, lakini nilisikia.

"Na mimi nataka kadi yangu, bwana. Hapana ya kupokea. Ya kwenda nayo."