Tusi la Baba kwa Jina la Jirani

Baba yangu alikuwa manju, mtunzi na mwimbaji wa ngoma. Kila baada ya pamba kuvunwa, kikundi chake cha ngoma kilishindana na kile cha jirani yetu, na huko hukuhesabiwa mwimbaji kama hujui kumsimanga mpinzani wako kwa jina. Wimbo wa baba uliopendwa kuliko zote ulimsimanga jirani huyo: uvivu wake, ng'ombe wake wenye mbavu nje, shamba lake lililomezwa na magugu. Jina la jirani lilirudi katika kila kiitikio. La baba halikuwamo. La nini? Nani asiyemjua?

Kisha kampuni ndogo ya muziki ikafungua ofisi Bariadi, ikaanza kukusanya nyimbo za mamanju na kuzisajili. Vijana wake, Kisukuma chao cha kuombea maji, walisikiliza kanda za zamani, na jina walilolisikia mara nyingi wakaliandika kuwa la mtunzi. Nilikuwa stendi nikinywa chai redio ilipopiga wimbo wa baba, mtangazaji akamsifu jirani. Chai ilinishinda.

Nilikwenda ofisini siku hiyohiyo. Kijana wa kompyuta alikuwa mpole, ule upole unaokufanya utamani kumzaba kofi.

"Mama, mfumo unamtambua huyo kuwa mtunzi. Akikubali kwa maandishi, tunabadilisha."

Baba alikuwa mgonjwa, hainuki kitandani. Alitaka kitu kimoja tu: asikie redio ikimtaja kabla hajafa. Nikaenda kwa jirani, nikapiga goti kumwamkia.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanone." Aliniita mwanawe, akanisikiliza mpaka mwisho. "Baba yako alinivua nguo mbele ya watu. Wanangu walizomewa kwa wimbo huo mpaka kisimani. Leo jina langu ndilo linalowauma ninyi? Mimi limeniuma hujazaliwa bado. Liache hapohapo. Alilitia mwenyewe."

Ningependa awe amesema uongo. Nilimchukia njia nzima ya kurudi, na wale vijana wa ofisini nikawachukia zaidi.

Baba nilimweleza yote. Akasema tuzime redio. Haikuwashwa tena mpaka alipofariki.

Siku ya mazishi, mshereheshaji wa kukodi kutoka mjini alitaka kutuheshimu. Aliweka simu yake kwenye kipaza sauti, akasoma kwenye kioo jina la jirani, akasema wimbo unaofuata ni wa mzee huyo na umletee marehemu pumziko. Watu wakatazamana. Jirani, aliyekaa na wazee mbele, akasimama, akavua kofia. Nilidhani anasahihisha.

Akaanza kuimba. Aliujua wote: mbavu za ng'ombe, magugu, uvivu, hakuruka hata tusi moja. Umati ukaitikia jina lake, kama ulivyozoea kuitikia baba alipoimba. Nami mdomo wangu uliitikia kabla sijauzuia.

Ulipokwisha, mshereheshaji alimshukuru mtunzi, na watu wakaja mmoja mmoja kumpa mkono.