Nani Ana Kisu?

Huko Muleba walimcheka Karugendo kwa jambo moja. Mtu mzima, mwenye mke, watoto na kahawa yake mwenyewe, lakini nyama ikishatoka motoni utamsikia akiuliza, "Nani ana kisu?" Enzi hizo, Mwingereza akiwa bado ametukalia, mwanaume aliyejiheshimu hakutoka nyumbani bila kisu cha kukunja mfukoni. Vijana wakampa jina la Nani-ana-kisu, naye akaitika. Wangejua kwamba kisu alikuwa nacho, tena mfuko wa kulia wa suruali, kila siku aliyoamka, kicheko kingewakauka.

Alikuwa mtu wa Izimbya, mtoto wa pili wa Mutembei, seremala. Mutembei alikuwa na kisu alichokinunua mjini Bukoba alipokuwa bado na nguvu zake: mpini wa pembe, na ndani yake kisu kikubwa, kisu kidogo, msumeno, chuma cha kutobolea ngozi na kifungulia kopo. Alipougua, miguu ikavimba, mikono ikawa haishiki kitu, ni Karugendo aliyekaa naye. Alimkatia kucha kwa kisu hicho, akammenyea ndizi, akamfungulia kopo la ugoro. Siku moja kopo lilikuwa gumu, ncha ya kisu kidogo ikakatika, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Kila Jumapili baada ya misa Karugendo alikipaka samli ili kisipate kutu.

Na kaka yake, Apolinary? Apolinary alikuwa mjini, anauza nguo na kunywa alichouza. Alikuja kumwona baba yake mara chache, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akauliza kama mzee amekula, akaondoka kabla ya kujibiwa. Lakini alikuwa mtoto wa kwanza, na kwa Wahaya mtoto wa kwanza ndiye musika, mrithi mkuu. Mzee alipozikwa, wazee wa ukoo wakamkalisha Apolinary kwenye kiti cha baba, wakampa mkuki, wakampa kibanja, lile shamba la migomba lenye nyumba, na mama yao, Kokugonza, akabaki humo chini ya mkono wake. Karugendo akapewa kipande cha pembeni chenye migomba iliyochoka. Hilo hakulilalamikia. Aliomba kisu tu.

"Alichokuwa nacho marehemu mwilini ni cha musika," alisema Ndyamukama, baba yao mdogo, aliyeongoza kikao. "Mila haibagui mkuki na kisu."

"Baba mdogo, waitu," alisema Karugendo kwa heshima, "tata, baba yetu, aliniahidi mimi."

"Nani alisikia?"

Hakuna aliyesikia, kwa sababu hakuna aliyekuwepo. Apolinary alikitia mfukoni, na tangu siku hiyo akawa anakitumia kuchokolea meno kwenye vilabu vya olubisi, pombe ya ndizi. Karugendo alikiona. Alimchukia kaka yake wazi wazi. Hakujifanya mtakatifu, na sioni kwa nini tumfanye mtakatifu leo.

Msimu wa kahawa ulipoisha, alipanda lori kwenda Bukoba kujinunulia kisu chake cha kwanza. Njia nzima aliapa atapata kizuri kuliko cha Mutembei, chenye vyuma vingi zaidi, ili Apolinary akikiona ajione amerithi takataka. Dukani alimkuta kijana anayeitwa Datius, mwenye nywele za mafuta na dharau za bure kwa kila aliyetoka shamba.

Datius alimwekea mezani kisu chenye mpini mwekundu, kina hadi mkasi na kizibuo cha chupa. "Hiki wanakitaka Wazungu."

Karugendo alikipima kiganjani, akakiingiza mfukoni, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. "Kinapiga paja. Mtu akikibeba siku nzima atakichoka, na siku atakayokihitaji atakuwa amekiacha nyumbani. Na hicho kizibuo nitazibulia nini, mgomba?"

Akaletewa kingine, chembamba, kinachong'aa. Akajaribu kukifungua kwa ukucha, springi ikakataa. "Mikono ikiwa na matope hiki hakifunguki." Cha tatu kilifunguka vyema, lakini kisu kikubwa kilichezacheza kwenye pini yake. "Hiki kitanikunjia vidole." Cha nne kilikuwa na msumeno wenye meno madogo mno, haungekata hata tawi la mbuni.

"Mzee, unanunua kisu au unaoa?" Datius aliuliza. Wateja wakacheka.

"Kuoa nilioa bila kubagua," alijibu Karugendo, "kwa sababu mke hakai mfukoni. Toa vilivyo chini."

Datius aliinama huku akisonya, akatupa juu ya meza boksi lenye vumbi. Karugendo aliingiza mkono, akatoa kimoja, na kidole gumba kikafungua kisu kikubwa kabla macho hayajatazama. Mpini wa pembe. Vyuma vitano. Hakikupiga paja, hakikucheza, kilifungwa kwa mlio uleule. Alijua alichokishika. Alikuwa amekuja kutafuta kisu cha kumshinda baba yake, na mkono umemchagulia pacha wa kile cha baba yake. Ilimuuma, kisha akapata furaha mbaya: basi Apolinary hana tena kitu ambacho yeye hana. Akalipa, hata hakuomba apunguziwe.

Angekitumia kimyakimya, pengine yaliyofuata yasingetokea. Lakini chuki haijui kunyamaza. Kwenye harusi ya jirani, nyama ilipoletwa, alikaa mbele ya kaka yake makusudi, akatoa kisu, akakifungua kwa nguvu ili mlio usikike. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na yeye alikula huku anamtazama mwenziwe usoni.

Apolinary alipapasa mfuko wake. Kisu cha baba kilikuwa kimempotea, naye alikuwa amenyamaza akidhani amekiangusha kilabuni. Akasimama mbele ya watu wote. "Kumbe mwizi ninakula naye sahani moja."

Kikao kilifanyika uani kwa Ndyamukama. Karugendo aliweka kisu chini katikati yao, akasema amekinunua. Wakamuuliza shahidi. Datius aliulizwa mjini akasema anauza visu vingi na sura za washamba zinafanana.

"Cha tata kilikatika ncha ya kisu kidogo," alisema Karugendo. "Hiki ni kizima. Tazameni."

"Umekinoa," alisema Apolinary.

"Ncha hainolewi ikaota. Nani kati yenu aliwahi kukishika kisu cha Mutembei? Nani alimkatia kucha?" Aliwatazama mmoja mmoja. Wazee wakatazama chini, na aibu ile ikageuka hasira, kama inavyokuwa kwa wakubwa wakionyeshwa uchafu wao. "Basi mwiteni mama. Mama anajua."

Kokugonza aliletwa. Alipiga magoti, akapokea kisu, akafungua kile kidogo na kupitisha kidole kwenye ncha nzima. Akakifunga. Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila kumtazama mtoto wake, "Ndicho."

Kisu kikaenda kwa Apolinary, na Karugendo akawa mwizi wa marehemu baba yake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema majirani, wakimwonea huruma Apolinary. Watu waliacha kumpisha kwenye benchi. Mke wake, Ephrasia, alinyimwa moto na jirani. Wakahamia Muleba, wakaanza kibanja kwenye nyasi tupu. Karugendo aliapa hatamsalimu mama yake tena. Alimwona kama mtu aliyemuuza mtoto ili apate mahali pa kulala.

Ephrasia alipojifungua, Kokugonza alikuja Muleba kumwona mjukuu. Karugendo hakuinuka kumpokea mzigo. Mama alingoja mpaka Ephrasia alipotoka nje, akafungua kikapu cha kahawa ya kutafuna, akaingiza mkono mpaka chini kabisa na kutoa kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Mpini wa pembe. Kisu kidogo hakina ncha.

"Nilikitoa kwenye koti la kaka yako amelewa," alisema. "Nilikichukua kwa ajili yako, mwana wange. Siku hiyohiyo wewe ulikuwa Bukoba unanunua cha kwako."

Karugendo alikitazama bila kukigusa. "Na pale kwenye kikao?"

"Ningesema sicho, wangekitafuta cha kweli, na wangekikuta kikapuni kwangu. Musika angenifukuza. Nilidhani watachukua kisu tu. Sikujua watachukua na jina lako."

"Umenizika, mama."

"Najua."

Hakumsamehe. Alikitia mfukoni kwa hasira, na tangu hapo hakikutoka mbele ya watu. Angekionyesha wapi? Akikifungua kwenye sherehe, habari ingefika Izimbya kabla nyama haijaisha: mwizi alikuwa na vyote viwili. Akieleza kilivyomfikia, mama yake mzee analala nje. Hivyo kisu alichokitaka kuliko vyote, kilichomkaa mfukoni kama alivyotaka, kilibaki kupakwa samli Jumapili mlango ukiwa umefungwa. Nje, akawa Nani-ana-kisu.

Kokugonza alikufa kabla Waingereza hawajaondoka. Karugendo alikwenda Izimbya kuzika. Njia nzima mkono wake ulikuwa mfukoni, na alijua kwa nini: mama hafukuziki tena. Wazee waliobaki wangekuwepo wote. Ncha iliyokatika ingesema yenyewe. Asubuhi moja tu, na jina lake lingerudi.

Uani watu walikuwa wakijenga banda la waombolezaji. Kamba za mgomba zilihitaji kukatwa, na Ndyamukama, sasa mzee wa mkongojo, alimnyooshea Karugendo kamba. Karugendo aliipokea. Vidole vilishakikamata kisu mfukoni, gumba liko juu ya chuma. Mlangoni aliona wanawake wakimfunika mama yake shuka, mmoja akisema jinsi Kokugonza alivyokuwa mtu safi, asiyegusa cha mtu.

Akautoa mkono mtupu.

"Nani ana kisu?" aliuliza.

Watu walicheka kidogo, hata msibani. Apolinary alikuja akitabasamu, akakifungua kile cha dukani, kisu kidogo kikiwa na ncha yake nzima, akamkabidhi mbele ya wazee. "Shika, mdogo wangu. Cha tata hiki. Safari hii urudishe."

Karugendo alikata kamba zote mpaka ya mwisho, akakifunga, akakirudisha.