Shangazi na Wenzake Kumi

Parokiani kwetu Ilemela walinipa kazi ya kuwahimiza Wakerewe wa mtaani wakapige kura, kwa sababu mimi nakijua Kikerewe. Nikaona ni kazi nyepesi. Kumbe wa kunitoa jasho angekuwa shangazi yangu mwenyewe.

Shangazi anaanika dagaa ufukweni na wanawake wengine kumi waliohamia kutoka Ukerewe kama yeye. Asipokwenda yeye, hakuna anayenyanyua mguu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kama ni mambo ya kura, kadi yangu ni ya Nansio, kule Ukerewe. Niache na dagaa wangu."

Nikamweleza kwamba taarifa zinahamishwa. Akasema mvua inakuja. Angani hata wingu hakuna. Kesho yake mgongo ulimuuma. Siku iliyofuata alikuwa na mgeni. Siku ya mwisho ya kujiandikisha nilisimama katikati ya dagaa wake nikaangua kilio cha hasira.

"Unalia nini sasa?"

"Kila siku unalalamika mtaa huu hauna maji, kwamba sisi wa kuja hatuulizwi kitu. Siku ya kuulizwa, wewe una mgeni!"

Akanitazama, akafunga kanga, akaenda kujiandikisha. Wale kumi wakamfuata.

Siku ya kura nilimkuta kituoni amenitangulia. Nikamtafutia jina kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, kwenye herufi L, linakoanzia jina lake. Halipo. Nikarudia. Halipo. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba walijua tu, wamechezewa.

"Nipe kadi yako niione."

"Kadi namwonyesha karani, siyo wewe."

Tulibishana hapo, foleni nzima ikituangalia, mpaka akaitoa kifuani kwa kununa. Kwenye kadi jina lilianza na R. Aliyemwandikisha aliandika alivyosikia, na shangazi hajui kusoma. Kwenye R tulimkuta, tena juu kabisa.

Akaingia. Hata sikukaa sawasawa, akatoka na wino kidoleni.

"Ndiyo hivyo tu?" akaniuliza. "Kuweka alama moja? Ungeniambia ni jambo dogo namna hii, ningekuja bila kusumbuana."

Nilikuwa nimemwambia mara nne. Nikakaa juu ya jiwe, nikawasubiri wale kumi, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho akatoka.