Eda ya Mgeni Wetu

Sisi watu wa Ujiji ukarimu tunao, tena wa kumwaga. Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka kutoka Burundi, nilikuwa nimeolewa juzi tu na naishi kwa mama mkwe wangu, mwanamke hodari wa dini na wa mambo ya watu. Tulimpokea mwanamke mmoja wa Rumonge, Mwislamu kama sisi. Mumewe alikuwa amebaki ng'ambo, akisubiri mtumbwi wa pili.

Baada ya wiki zikaja habari kwamba mtumbwi wa pili umezama. Aliyezileta hakuona kitu, naye aliambiwa. Mama mkwe hakungoja. Siku hiyohiyo majirani walitandika mikeka, wakaleta mchele, sukari na kuni, na mgeni wetu akaingizwa eda: miezi minne na siku kumi, mjane hatoki nyumbani.

"Mama, mimi sijafiwa," alisema. "Niacheni niende Bangwe asubuhi, niulize kwenye mitumbwi."

"Mwanangu, mwanzoni kila mjane husema hivyo," mama mkwe alimjibu, kwa upole wa kweli.

Tenda wema uende zako, wanasema. Sisi hatukwenda zetu. Tulikaa mlangoni kwa zamu, tukimpikia, tukimfulia, tukimrudisha ndani kila alipovaa kandambili. Hata mimi nilishika zamu, na nilijiona mtu mwema sana. Mwezi wa pili aliacha kuomba. Tukasema, alhamdulillahi, sasa amepoa.

Mwezi wa tatu nilikwenda Bangwe kununua migebuka. Nyuma ya wachuuzi lori lilikuwa linapakia wakimbizi wa kupelekwa kambini Kasulu. Mwanamume mmoja aliyekonda, jino la mbele limekatika nusu, alinisimamisha.

"Dada, namtafuta mke wangu. Alitangulia kutoka Rumonge."

"Kwetu yupo mmoja wa Rumonge," nikamjibu, macho yangu kwenye samaki, "lakini huyo ni mjane."

"Mungu amrehemu mumewe," alisema. Akaitwa, akapanda lori.

Nyumbani niliisimulia habari hiyo huku natoa magamba, kama mtu anavyosimulia mambo ya sokoni. Nilipofika kwenye jino, mgeni wetu aliacha kupepeta mchele.

"Ulimwambia nini?"

Nikamwambia nilichosema. Sijawahi kuona aibu kama ile, wala kabla wala baadaye.

"Naye akasemaje?"

"Alimwombea mumeo rehema."

Mgeni akasimama, akatoka mchana kweupe, akashika barabara ya Kasulu kwa miguu. Tuliokuwa mlangoni tukampisha. Kama alimpata, sijui. Hakurudi kutuambia, na sioni kwa nini angerudi.