Pikapu Isiyotaka Kujazwa

Kristofa Shemhilu wa Gare, kijiji cha huku milimani Lushoto, ni mtu wa kuulizauliza. Harusini, wenzake wakitafuta pilau liko upande gani, yeye yuko chini ya gari lililomleta bibi harusi, koti la suti amelitundika mlangoni, anachungulia oili inavujia wapi. Mkewe, Beatha, alishaacha kumsema. Akimkosa mezani, anamtuma mtu akaangalie miguu yake imechomoza chini ya gari gani.

Kazi yake ilikuwa udereva. Kwa miaka mingi alishusha kabichi na karoti za Latifa, mwenye stoo ya mboga pale Lushoto, hadi Mombo, ambako malori ya Dar hupakia. Pikapu ilikuwa ya dizeli, injini ya kizamani yenye kelele na moshi, lakini ilijua kushika. Madereva wa mlima huu wana sheria yao: gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Unaingiza gia ndogo, unaachia mafuta, injini inalizuia gari na mzigo wake, breki unazigusa tu kwenye kona. Latifa ana leseni na kigari chake cha otomatiki, ila pikapu ile hakuthubutu kuigusa. Kwa hiyo usukani ulikuwa wa Kristofa.

Mwaka huu injini ilichoka kabisa. Latifa akabaki na njia mbili: anunue dizeli nyingine kama ile, au achukue pikapu ya umeme ambayo Faraji, kijana muuza magari kutoka Tanga, alikuwa akiizungusha kwa wafanyabiashara. Akamwambia Kristofa, mbele ya wapakiaji, kwamba aijaribu, na atakalosema ndilo litakalonunuliwa. Kisha akaongeza kwa utani kwamba gari lenyewe halina gia, hata yeye angeliendesha. Wapakiaji wakacheka. Kristofa hakucheka, maana ana mtoto, Alen, bado yuko sekondari, na alielewa kwamba akilisifu gari lile anaweza kuwa amejifukuza kazi.

Lakini udadisi ni ugonjwa. Alifungua boneti, hakukuta injini. Akauliza mota iko wapi, akaonyeshwa huko nyuma kwenye ekseli. Akauliza inapozwa na nini, na maji ya mvua yakiingia itakuwaje. Faraji alijibu mpaka akatoka jasho, na kwa baridi ya Lushoto kutoka jasho si mchezo.

Betri wakaichaji ikajaa pomoni, kama dereva yeyote anavyojaza tangi kabla ya safari. Wakapakia, Kristofa akashika usukani, Faraji akakaa kando. Kijana alikuwa ameeleza kwamba ukiachia pedeli, mota yenyewe inalishika gari na kurudisha umeme kwenye betri. Haikushika kitu. Kabla hawajafika Soni, katikati ya mteremko, mzigo ulikuwa ukiwasukuma, breki zikaanza kunuka, na Kristofa akaegesha penye uwazi. Aliogopa. Na ukweli usemwe, ndani ya ile hofu mlikuwa na furaha. Jibu lilikuwa limejileta lenyewe: angerudi aseme gari hili mlima haliuwezi, na hakuna ambaye angembishia.

Akakaa juu ya jiwe kusubiri breki zipoe. Mtu mwingine angenyamaza.

"Huo umeme unaosema unarudi," alimuuliza Faraji, "leo ulikuwa unarudi wapi?"

Faraji akawapigia simu mafundi wao Tanga, akaulizwa betri ilikuwa na kiasi gani, akasema imejaa. Hapo ndipo ilipoeleweka. Betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme mwingine, na mota ikikosa pa kuupeleka haishiki gari. Kule Tanga kwenye tambarare nani angewaza hilo? Ni sisi tu tunaoanza safari kwa kuteremka.

Safari iliyofuata Kristofa aliondoka na betri nusu. Gari lilishuka limejizuia lenyewe, kimya, mguu wake hauna kazi. Walipofika Mombo chaji ilikuwa imepanda kuliko walivyotoka nayo. Akaitazama dashibodi, akazitazama kabichi, akasema hizi ndizo zilizotuchajia. Huku kwetu mzigo hushuka na gari hupanda tupu, kwa hiyo ungedhani aliyelitengeneza alizaliwa Gare.

Jioni ile Latifa alimwamkia, kisha akamuuliza, "Baba Alen, unasemaje?"

Uongo ulikuwa karibu, na ulikuwa mwepesi.

"Chukua hii ya umeme," alisema. "Ila usiijaze huku juu. Iachie nafasi."

"Na mimi nitaiweza?"

"Utaiweza."

Akaiweza kweli. Siku hizi Latifa anateremka mwenyewe, na Kristofa yuko stoo anasimamia upakiaji. Beatha alikasirika, akamwambia mdomo uliponza kichwa, akamuuliza amepata nini. Kristofa akamjibu kwamba alitaka kujua. Beatha akasema basi sasa unajua, na usukani anao mwenzio.

Kilimuuma, aliniambia mwenyewe, tena bila kuficha. Akaniambia pia kwamba amemwomba Latifa jambo moja tu: siku mafundi watakapokuja kuifungua ile mota, aitwe.