Karai la Moraa

Hadi leo nikiona ng'ombe akilamba ukingo wa maji nageuza uso kwa aibu, na watu wa rika langu hapa Masimba wanajua sababu, kwa hiyo cheka tu ndugu yangu, nimeshazoea.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nikaacha shule mapema niwalee wadogo zangu, Nyaboke na Moraa. Baba mdogo alitaka kuwagawa kwa jamaa. Nikamwomba anipe muda, nikachimba bwawa kama nilivyoonyeshwa na bwana samaki wa serikali, nikatia samaki aina ya ngege, nikamwambia, "Hawa watatulisha." Akasema atakuja na wazee Jumapili baada ya kanisa, aone kwa macho yake.

Wiki hiyohiyo samaki wakaota vidonda, mapezi yakaoza kama kitambaa kikuukuu, wengine wakawa wanaelea tu. Bwana samaki akaniambia ni vijidudu. "Waliokufa wazike. Wagonjwa watie mmoja mmoja kwenye karai la maji ya chumvi, muda mfupi tu, kisha warudishe."

Sasa karai nyumbani lilikuwa moja, la kumwogeshea Moraa (alikuwa mdogo, ila akikaa humo analijaza lote), nami niliogopa vile vidonda vitampata mtoto, halafu baba mdogo aseme, si nilikwambia? Basi nikanunua mfuko mzima wa chumvi ya ng'ombe, nikaumwaga bwawani, nyingine ikamwagika ukingoni, nikajiona daktari.

Jumapili wazee wakafika. Nimevaa shati la marehemu baba, naeleza habari za dawa kwa sauti kubwa, mara nasikia kwato nyuma yangu. Ng'ombe wa majirani waliokuwa wakienda mtoni walikuwa wamenusa chumvi, wakaangusha ua wangu wa matete, wakaingia bwawani wote, wakinywa, wakilamba, wakikanyaga samaki hadi maji yakawa uji wa matope, nami nikashika mkia wa mmoja nimtoe (akili gani hiyo?), akanipiga teke, nikaanguka kifudifudi miguuni pa wazee.

"Onchari!" mama mmoja jirani akaita kutoka njiani. "Kumbe unafuga ng'ombe wa majini!"

Watu walicheka hadi wakashikana. Baba mdogo hakucheka. Aliniinua, akanipangusa tope usoni polepole, na upole huo ndio ulioniua.

"Momura one, kijana wangu, umejitahidi. Lakini watoto hawatakula kujitahidi kwako."

"Baba mdogo, niongezee muda kidogo tu."

"Nyaboke, mshike mdogo wako. Twendeni."

Moraa akauliza kama karai lake nalo linakuja. Nikamwambia atakuta jingine huko.

Jioni niliokota samaki waliobaki hai kwenye tope, nikawatia mmoja mmoja karaini, kama nilivyoambiwa. Halikuwa na kazi nyingine tena. Wengi wao walipona. Tangu siku hiyo, nikiambiwa karai, natumia karai.