Kivuli cha Ukuta wa Jirani

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani, na kama kuna kitu alichokichukia duniani, ni jua la alasiri. Lilikuwa limemchoma mgongo pale barazani miaka kumi na tisa. Basi jirani alipoanza kupandisha ghorofa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushukuru.

"Jirani, umenipa kivuli cha bure! Pandisha tu, usichoke."

"Kwa ajili yako, mama, nitafika mbinguni," jirani akacheka.

Mama Vifungo alisahau, masikini, kwamba jua hilohilo ndilo lililomtunzia mume. Mzee wake, dereva mstaafu, alichomwa sindano ya ugonjwa wa sukari kila siku, na chupa zake zote za dawa, ambayo huharibika ikipata joto, zilikaa kwenye friji ndogo iliyoendeshwa na paneli mbili juu ya bati. Kila asubuhi, jua likishatoka, Mama Vifungo aliichungulia. Taa ya kijani inawaka. Roho yake ikatulia, akaenda kushona.

Mwezi wa pili wa ujenzi mzee akaanza kukonda. Akawa habanduki chooni, na jagi la maji likahamia kando ya kitanda.

"Au una mke mwingine huko chooni?" alimtania. Walicheka wote wawili, lakini usiku ule mke hakupata usingizi.

Akamwita fundi wa sola. Fundi hakupanda hata ngazi. Aliutazama ukuta wa jirani, akaguna.

"Mama, kivuli hiki kinafika kwenye paneli saa ngapi?"

"Saa nane. Lakini kinagusa kona tu, mwanangu."

"Kona inatosha. Mle ndani ya paneli kuna vipande vingi vyembamba vilivyoungwa mstari mmoja. Mwanga ukivipiga, umeme unatembea kutoka kimoja hadi kingine, kama watu wanaopokezana ndoo. Mmoja akisinzia, ndoo zinakwama. Betri yako haijai. Usiku friji inazimika, asubuhi inawaka tena."

"Mbona mimi naikuta inawaka?"

"Gandisha maji kwenye bakuli humo frijini, uweke kifungo juu ya barafu. Kesho utaniambia."

Alichagua kifungo chekundu, cha koti. Asubuhi taa ilikuwa ya kijani kama kawaida, na barafu imeanza kushika upya. Kifungo kilikuwa chini kabisa ya bakuli.

Miezi miwili amekuwa akimdunga mume wake dawa iliyolala kwenye joto la bati usiku baada ya usiku, na yeye akiushangilia ukuta.

"Mama!" jirani aliita kutoka juu. "Leo tunamaliza! Kivuli chako mpaka magharibi!"

Mama Vifungo aliingia chumbani na chupa ya dawa mkononi. Jagi alilolijaza alfajiri lilikuwa tupu. Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anahema haraka haraka, pumzi yake inanuka kama tunda lililopitiliza kuiva. Mkono wa shati alikuwa ameshaupandisha.

"Umechelewa leo, mke wangu," alisema. "Nichome basi, nipate nafuu."